Kwa nini watu bado wanaandika programu za kompyuta zilizokufa?

Kimya changu kilitokana na testi mbili mfululizo pamoja na kazi ya kikundi ambayo, kama kawaida, majina yalikuwa sita na waliofanya ni wawili. Yamepita hayo. Leo nataka tupige stori ya historia, ila si Maji Maji wala Mkutano wa Berlin. Ni historia ya watu wazima, wenye kazi na familia zao, ambao wakirudi nyumbani jioni wanakaa kuandika programu za kompyuta za miaka ya 1970 na 1980. Kampuni zilizozitengeneza nyingi zilishafunga milango. Na hawaandiki kwa lugha rahisi za siku hizi, wanaandika kwa asembli.

Ukimweleza mtu hapa hosteli, swali ni lile lile: ili iweje? Swali zuri, na nitalijibu kwa historia, maana ndilo somo ninalosomea kwenda kufundisha. Na nadhani jibu lake linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani.

Kwanza, asembli ni kitu gani? Prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua namba tu. Kila namba ni amri: chukua hiki, weka pale, jumlisha, linganisha, ruka. Binadamu kukariri namba mia na kitu bila kukosea ni mateso, kwa hiyo ikabuniwa njia ya kuandika vifupisho vya herufi badala ya namba. Mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kufanya hivyo ni mama mmoja Mwingereza, Kathleen Booth, aliyekuwa chuo cha Birkbeck, London. Mwaka 1947 yeye na Andrew Booth, ambaye baadaye walioana, walieleza njia hiyo kwa ajili ya mashine waliyokuwa wanaijenga. Mama huyu alifariki mwaka 2022 akiwa na miaka 100. Nimeuliza watu kadhaa wa kozi ya kompyuta kama wanamjua, wote wakanitolea macho.

Mfano mdogo, msikimbie. Kwenye kompyuta iitwayo Commodore 64, mistari hii miwili inabadilisha rangi ya pembezoni mwa skrini kuwa nyekundu:

LDA #$02
STA $D020

Wa kwanza unasema: beba namba 2 mkononi. Wa pili unasema: iweke kwenye chumba namba D020. Chumba hicho ndicho chipu ya picha inakochungulia kujua rangi ya pembezoni, na 2 ni nyekundu. Basi. Ikigeuzwa kuwa namba za mashine inakuwa A9 02 8D 20 D0. Baiti tano. Hakuna kitu kingine kilichojificha katikati yako na mashine.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Chukua baiskeli ya Phoenix. Fundi wa pale stendi anaijua yote, kuanzia mnyororo, fani, spoku mpaka breki. Ukimletea imeharibika, hahitaji kupiga simu popote. Sasa chukua gari jipya lenye kompyuta kumi ndani. Fundi yule yule anabadilisha kifaa kizima kwa sababu hakuna anayejua kilichomo. Kompyuta za zamani zilikuwa Phoenix. Mtu mmoja, kichwa kimoja, anaweza kuijua yote.

Sasa twende kwenye historia yenyewe. Nitafuata chipu moja tu, 6502, ili tusipotee.

Mwaka 1975, kampuni ndogo ya Marekani iitwayo MOS Technology ilitoa prosesa hiyo. Kiongozi wa kazi alikuwa Chuck Peddle, aliyekuwa ametoka Motorola na wenzake kadhaa. Wakati ule prosesa ya Intel 8080 ilikuwa imetangazwa kwa dola 360. Hawa wakatangaza yao kwa dola 25! Watu wengine walidhani ni utapeli. Kwenye maonyesho ya WESCON mjini San Francisco, Septemba 1975, hawakuruhusiwa kuuza bidhaa ndani ya ukumbi, wakakodi chumba kwenye hoteli ya St. Francis, wakawa wanauzia huko, chipu zimejazwa kwenye mtungi wa kioo.

Mmoja wa vijana walioipata chipu hiyo ni Steve Wozniak. Kwayo akajenga Apple I mwaka 1976 na Apple II mwaka 1977. Kinachonigusa mimi ni jinsi alivyoandika programu ya BASIC ya mashine hizo. Hakuwa na uwezo wa kulipia kompyuta ya kumgeuzia asembli kuwa namba. Kwa hiyo aliandika amri kwenye karatasi, kisha akazigeuza mwenyewe kwa mkono kuwa namba, moja baada ya nyingine. Penseli na karatasi, wadau. Siku nyingine mtu akikuambia hawezi kujifunza kompyuta kwa kuwa hana kompyuta, mkumbushe kwamba sehemu kubwa ya kazi ile ilifanyika mezani.

Mwaka huo huo wa 1977 ikatoka mashine ya gemu ya Atari 2600, ikitumia 6507, ndugu mdogo wa 6502. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa baiti 128. Si kilobaiti, baiti. Tulinganishe: SMS moja ya kawaida ya herufi 160 inabeba baiti 140. Kwa hiyo kumbukumbu yote ya Atari ni ndogo kuliko SMS ya kumwomba baba nauli.

Kwa udogo huo mashine haikuwa na mahali pa kuhifadhi picha ya skrini. Televisheni za zamani zilichora picha kwa mwale unaopita mstari mmoja mmoja kutoka juu kwenda chini, na mwandishi wa programu alilazimika kukimbizana na mwale huo. Kila mstari ulimpa mapigo 76 ya prosesa, na kila amri hula mapigo 2 mpaka 7. Piga hesabu: ni kama amri ishirini au thelathini tu kabla mwale haujahamia mstari unaofuata. Ukichelewa, picha inavurugika. Katika mazingira hayo David Crane alitoa Pitfall! mwaka 1982, gemu yenye skrini 255 za msituni ndani ya kilobaiti 4. Ramani hakuihifadhi popote, maana isingeenea. Alitumia kanuni fupi inayobadilisha namba moja kuwa nyingine, na kila namba inasema skrini hiyo ina shimo, gogo au mamba. Ukirudi nyuma, kanuni inarudishwa kinyume na skrini ile ile inatokea tena.

Uingereza nako kukawa na jambo lao, na hapa sisi wa ualimu tutege sikio. Shirika la BBC lilianzisha mradi wa kufundisha umma kompyuta, likataka mashine ya kwenda sambamba na vipindi vya televisheni. Kampuni ya Acorn ya Cambridge ikapata kazi hiyo, na BBC Micro ikatoka Desemba 1981 ikiwa na 6502 ndani. Ikaingia kwenye shule nyingi za nchi ile. Programu yake ya BASIC iliandikwa na Sophie Wilson, ikaenea kwenye kilobaiti 16. Ndani ya kilobaiti hizo 16 aliweka pia asembli! Yaani mwanafunzi wa sekondari akiwasha mashine darasani, anaweza kuanza na amri rahisi za BASIC, akizizoea anafungua mabano ya mraba katikati ya programu yake, na hapo hapo anaandika asembli. Hakununua kitu kingine. Mlango wa chumba cha ndani ulikuwa pale pale sebuleni, haukufungwa na ufunguo.

Matokeo yake? Watu wa Acorn walipotaka prosesa yenye nguvu zaidi, Sophie Wilson na Steve Furber walikwenda Marekani mwaka 1983 kuwatembelea waliokuwa wanaendeleza ukoo wa 6502. Walitegemea kukuta jengo kubwa na jeshi la wahandisi. Wakakuta kikundi kidogo tu cha watu. Wakarudi wakijiambia, kumbe hata sisi tunaweza. Wakabuni prosesa ya ARM, na ya kwanza ilifanya kazi tarehe 26 Aprili 1985. Leo prosesa za ukoo wa ARM ndizo zilizomo kwenye karibu simu zote za mkononi duniani. Hata hiyo unayosomea hapa, ukiwa umelala bila kwenda lekcha, uwezekano mkubwa ni ARM.

Sasa sisi tulikuwa wapi miaka hiyo?

Hili ndilo lililonifanya niandike. Serikali yetu ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965, kwenye Wizara ya Fedha. Mfumo wa mahesabu wa huko ukaja kushindwa kazi, na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta nchini ukapigwa marufuku. Mwaka mmoja baadaye ndipo ile chipu ya dola 25 ikatoka. Marufuku ilikuja kulegezwa polepole, lakini kompyuta ndogo za nyumbani zilitegemea televisheni kama skrini yake, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka mwaka 1994. Zanzibar walitutangulia, wao walianza miaka ya 1970. Na mwaka huo huo wa 1994, mwezi Aprili, kampuni ya Commodore ikafilisika. Kwa maneno mengine, zama zile za kompyuta inayoeleweka na mtu mmoja zilianza mlango wetu ukiwa umefungwa, na zilipoisha ndiyo kwanza tulikuwa tunanunua antena.

Sisemi waliopiga marufuku walikuwa wajinga. Nchi ilikuwa changa, fedha za kigeni kidogo, na mashine za wakati ule zilikuwa makabati ya gharama kubwa yaliyohitaji wataalamu kutoka nje. Kwa hesabu za 1974 uamuzi ule una mantiki yake, na mwanahistoria hatakiwi kumhukumu mtu kwa mambo yaliyotokea baadaye. Lakini hasara ipo na tuitaje. Kompyuta ilipotufikia wengi wetu, ilikuja ikiwa imeshafungwa. Tulifundishwa kuwasha, kubonyeza, kuandika barua, kuprinti, kuzima. Mwalimu mwenyewe alifundishwa hivyo hivyo.

Turudi Ulaya. Commodore 64, ile ya mistari yetu miwili, ilitoka 1982 na ikauzwa kwa mamilioni. Vijana waliokuwa wanavunja kinga za gemu ili wazinakili walianza kubandika mwanzoni picha, muziki na salamu za kujitapa. Baadaye wengine wakaacha kabisa mambo ya gemu, wakabaki kushindana nani ana picha na muziki mkali kuliko mwenzake. Utamaduni huo unaitwa demosini.

Ngoja niwape mfano mmoja wa ujanja wao, huu ulinifurahisha sana. Skrini ya Commodore 64 ina fremu pembezoni ambayo, kwa mujibu wa waliotengeneza mashine, huwezi kuchora kitu juu yake. Chipu ya picha huwa na mistari ya maandishi 25, au 24 ukitaka. Ikifika chini inajiuliza: nimefika mwisho? Kama ndiyo, inawasha fremu. Vijana wakagundua kwamba mwale ukishapita mwisho wa mistari 24, lakini haujafika mwisho wa 25, ukiiambia chipu haraka haraka "sasa tuko kwenye 24", inaona mwisho umeshapita. Swali halipati jibu la ndiyo, fremu ya chini haiwashwi, na sehemu ile inakuwa wazi kwa kuchora. Wahandisi hawakupanga hilo. Liligunduliwa na watu waliokaa na mashine mpaka wakaijua kuliko waliowauzia.

Wafini wameuheshimu utamaduni huo. Tamasha lao kubwa lilianza mwaka 1992 na jina lake ni Assembly, na mwaka 2020 Finland iliingiza demosini kwenye orodha yake ya taifa ya urithi hai, chini ya mkataba wa UNESCO. Ujerumani ikafuata 2021. Sisi tukisikia urithi tunafikiria ngoma, vyungu na magofu ya Kilwa. Wenzetu wameandika pale kazi za vijana waliokesha vyumbani na kibodi.

Na mashine zilizokufa zinaendelea kupata programu mpya. Ed Fries, aliyewahi kuwa makamu wa rais Microsoft wakati Xbox inaanza, alikaa akaandika kwa asembli Halo 2600, gemu ya Atari 2600 yenye kilobaiti 4, akaitoa mwaka 2010. Jumba la makumbusho la sanaa la Smithsonian la Marekani likaichukua kwenye mkusanyiko wake mwaka 2013. Fikiria: mtu aliyesimamia gemu za mabilioni anarudi kukimbizana na mwale kwa mapigo 76, bila kulipwa.

Kuna tukio jingine la kuwagusa wanahistoria. Jordan Mechner aliandika Prince of Persia kwa asembli ya 6502, kwenye Apple II, ikatoka 1989. Maandishi yake ya asili yalipotea kwa miaka mingi. Gemu yenyewe ilikuwepo, lakini gemu ikishageuzwa namba, maelezo na majina aliyoyaandika mtunzi hayamo tena. Ni kama kuwa na ukuta wa jengo bila mchoro wala jina la fundi. Mwaka 2012 baba yake akakuta diski za zamani nyumbani. Wataalamu wakasaidia kuzisoma kabla hazijaoza, na maandishi yote yakawekwa wazi kwa umma. Leo mwanafunzi yeyote anaweza kuona mtunzi aliwaza nini mstari kwa mstari. Kwetu sisi tunaosumbuka na nyaraka zilizoliwa na mchwa, hiyo ni habari njema.

Najua pingamizi. Jamaa yangu mmoja wa uhandisi aliniambia, "Bro, hakuna atakayekuajiri kuandika programu ya Atari." Kweli kabisa. Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwamba haya ni mambo ya wazee wa Ulaya na Marekani kukumbuka utoto wao. Na hilo ni kweli kwa wengi wao.

Lakini kwetu haliwezi kuwa kumbukumbu za utoto, kwa sababu hatukuwa nazo. Kwetu ni kipindi ambacho tulikikosa darasani. Na jambo zuri ni kwamba hawa watu wa hobi, kwa mapenzi yao tu, wamekiweka kipindi kile wazi. Wameandika emuleta, yaani programu zinazoigiza mashine ya zamani ndani ya kompyuta ya sasa. VICE ya kuigiza Commodore 64 ni ya bure, na inakimbia hata kwenye laptopu kuukuu ya mwenzangu wa chumbani ambayo betri yake ilishakufa. Miongozo ya zamani imeskaniwa. Mwaka 2010 wengine walipiga picha chipu ya 6502 kwa hadubini, wakaigiza transista zake zote, elfu tatu na ushee, mpaka unaona umeme unavyopita kwenye kila waya. Wanaoanza wanasaidiwa na waliotangulia bila kuulizwa cheti.

Kama mwalimu mtarajiwa, hiki ndicho ninachokichukua. Kumfundisha mtoto kubonyeza ni sawa, atapata kazi ofisini. Ila mtoto huyo anastahili angalau mara moja maishani kukutana na mashine anayoweza kuijua yote, mpaka chini kabisa, ili asiamini kwamba kompyuta ni uchawi wa watu wa mbali. Wilson na Furber walijiona wanaweza baada ya kuona kwamba waliotengeneza chipu ni watu wachache wa kawaida. Mwanafunzi wa Tandahimba au Kasulu ataona wapi kitu kama hicho? Baiti tano za kubadilisha rangi ni mwanzo. Zinafundishika kwa ubao na chaki: chora vyumba vyenye namba, mwanafunzi mmoja awe prosesa, mwingine awe kumbukumbu, wa tatu asome amri kwa sauti. Umeme ukikatika somo linaendelea.

Nikienda BTP mwakani nina mpango wa kulijaribu hilo na klabu ya wanafunzi baada ya vipindi, mkuu wa shule akiniruhusu. Nitawaletea majibu hapa hapa.

Walimu mlioko kazini, niambieni ukweli: dakika 40 zinatosha kwa igizo hilo, au niligawe mara mbili? Mimi naingia maktaba sasa, kuna karatasi ya falsafa ya elimu inadaiwa Ijumaa na bado niko ukurasa wa kwanza.